Ungwana na Watu wa Mto

Ukitajwa ustaarabu wa kale uliotegemea bahari, wengi huwakumbuka Waminoa wa kisiwa cha Krete na jumba la Knossos, alilolifukua Arthur Evans kuanzia 1900. Sisi tunao wa kwetu. Maji ya Mto Tana yapitayo hapa kwetu Nanighi huingia baharini Kipini, na jirani na hapo yapo magofu ya mji wa kale wa Ungwana.

Mwanaakiolojia James Kirkman alipachimba, na kitabu chake kikatoka 1966. Kuta za msikiti wa mji huo ni za matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ardhini vimetoka vigae vya kauri ya China.

Kauri hiyo imesifiwa mno, nadhani kupita kiasi. Watu wa mjini hawakula kauri; walihitaji chakula cha wakulima na wafugaji wa bara. Mwanaakiolojia George Abungu alilitambua hilo mapema: utafiti wake wa miaka ya 1980 uliangalia delta pamoja na bonde zima la Tana, tangu mwaka 700 hadi 1890, ili kujua watu wa pwani na wa bara walivyohusiana.

Naiomba kaunti iwapeleke Ungwana wanafunzi wa Nanighi, na mwongozaji awaeleze pia habari za wakulima na wafugaji wa huku juu.