Juu ya Kuchagua Mashine ya Kuchonga Funguo
(Maneno yaliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Halmashauri imetupa kazi ya kueleza jambo ambalo limeleta maneno mengi tangu lilipotajwa mara ya kwanza, nalo ni ombi la mwanachama wetu mmoja kijana, kwamba Chama kimkopeshe fedha za kununua mashine ya kuchonga funguo. Kijana huyu mwamjua nyote. Amekuwa akikaa karibu na kituo cha mabasi na meza yake ndogo, jiliwa moja na tupa tatu, akichonga funguo kwa mkono. Kazi yake ni safi, lakini ufunguo mmoja humchukua karibu nusu saa, na watu wa siku hizi hawangoji nusu saa. Fedha anazoziomba zatoka katika mfuko ule ule tutumiao kuzika wafu wetu na kuwasaidia wajane. Kwa hiyo haikutupasa kulipima jambo hili kwa huruma. Tulikwenda Nairobi, tukatembelea maduka na mafundi waifanyao kazi hii kila siku, tukatazama na kuuliza, na mara nyingine tukaombwa tuondoke njiani ili wateja wapite.

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani kinachonakiliwa. Kitasa cha vijiti si kitu kipya. Watu wa Misri ya kale walikuwa nacho, kimetengenezwa kwa mti. Aliyekifanya kiwe kidogo cha kutosha mfukoni ni Mmarekani, Linus Yale mdogo, aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Na funguo nyembamba za meno upande mmoja ambazo wengi wenu mnazo sasa hivi mifukoni ni wajukuu wa kazi yake. Ndani ya silinda mna vijiti vya shaba, mara nyingi vitano. Kila pengo katika ufunguo hukiinua kijiti chake mpaka kimo chake halisi, wala si zaidi wala si pungufu, ndipo silinda izunguke. Sasa, tofauti baina ya kimo kimoja na kinachofuata ni kama nusu ya milimita tu. Tafadhali likumbukeni neno hili la nusu milimita, maana hukumu yote ya mashine imo humo.

Mashine yenyewe ni rahisi kuieleza. Ina jiliwa mbili ndogo zilizofungwa katika kibebeo kimoja. Katika moja hutiwa ufunguo wa asili, katika ya pili ufunguo mbichi, yaani usiochongwa bado. Mbele ya ule wa asili pana kidole cha chuma. Mbele ya ule mbichi pana gurudumu la kukatia lizungushwalo na mota. Fundi husogeza kibebeo, kidole kikipanda na kushuka katika meno ya ufunguo wa asili, na gurudumu hukata yale yale katika ule mwingine. Haina akili yoyote. Ukiipa ufunguo uliolika, itakuchongea ufunguo uliolika. Ukiuweka ufunguo umeinama kidogo, itanakili na huo uinamaji.

Kwa sababu hiyo twasema wazi kwamba wengi huinunua mashine hii kwa kutazama mahali pasipofaa. Wauzaji walituonyesha rangi, taa, na nguvu za mota. Mota si neno kubwa, kwani shaba ni laini. Neno kubwa ni jiliwa. Ikiwa meno ya jiliwa yameparara, au ikiwa ina mchezo hata kidogo, ufunguo utasogea wakati wa kukatwa, na ile nusu milimita tuliyoitaja itakuwa imekwisha kuliwa. Shikeni jiliwa kwa vidole na kuitikisa. Shikeni kibebeo na kukisukuma pande zote mbili. Kiende njia yake tu, kisicheze kwingine. Duka moja tulifanya hivyo na muuzaji akatukasirikia, nasi tukaona jibu tumekwisha kulipata.

Pana mtihani tuliofundishwa na fundi mmoja mzee, nao watupendeza kuliko vyote. Kwanza umeme ukiwa umezimwa, hutiwa funguo mbili mbichi za namna moja katika jiliwa zote mbili, kisha kibebeo huinuliwa. Kidole na gurudumu havina budi kugusa kwa wakati mmoja. Gurudumu likizungushwa kwa mkono liukwaruze ufunguo kidogo tu, basi. Kama moja latangulia, pana skrubu ya kurekebishia, na muuzaji aulizwe mbele yenu aonyeshe jinsi ya kuitumia. Asiyejua kuirekebisha mashine aiuzayo hatajua kuitengeneza ikiharibika. Baada ya hapo huchongwa ufunguo kutoka kwa ule wa asili, kisha wa pili kutoka kwa nakala hiyo, na wa tatu kutoka kwa ule wa pili. Mashine ikikosea sehemu ya kumi tu ya milimita kila mara, na kwa upande ule ule, basi mjukuu huyo wa tatu atakuwa amepotea kiasi cha kuonekana kwa macho, na huenda kitasa kikamkataa. Mashine njema humleta mjukuu aliyefanana na babu yake.

Mwaelewa sasa kwa nini kijana wetu aambiwe daima amwombe mteja ufunguo wa asili, wala si nakala ya nakala.

Ama kwa habari ya namna za mashine, ziko nyingi kuliko haja yetu. Tulimwomba kijana atuonyeshe ni funguo zipi zimjiazo. Zilizo nyingi kabisa ni za kufuli na za vitasa vya silinda. Zinazofuata ni zile funguo ndefu za shina, zenye ulimi mwishoni, za milango ya vyumba. Za magari ni chache, na chache zaidi ni zile zenye vishimo ubavuni badala ya meno. Kila moja ya namna hizi hutaka mashine yake. Za vishimo hukatwa na mashine ya kusimama yenye kisu kama keekee ndogo. Za shina hutaka gurudumu jembamba la kukata wima na jiliwa nyingine. Ziko mashine zinazojaribu kuunganisha silinda na shina katika mwili mmoja, na baadhi yake ni nzuri, lakini bei yapanda. Rai yetu ni kununua ya silinda peke yake. Funguo za shina ana mapengo machache ya kukata, na vitasa vyake huvumilia zaidi. Kijana huzichonga kwa tupa vizuri, na aendelee hivyo hivyo.

Magari tumeyaweka kando kwa sababu nyingine. Magari mengi yanayoingia nchini kwetu hutoka Ujapani yakiwa yamekwisha kutumika, na mengi ya siku hizi yana kidude cha elektroniki ndani ya ufunguo. Katika Uingereza kinga ya namna hiyo ililazimishwa kwa magari mapya ya abiria tangu Oktoba 1998. Ufunguo uliochongwa vyema lakini usio na kidude hicho utafungua mlango na kuzunguka, na injini isiwake. Kazi ya kukifundisha kidude hutaka vyombo vingine vya ghali na masomo mengine.

Mashine zijiendeshazo zenyewe nazo tulizitazama. Fundi hutia funguo, hubonyeza, huenda zake kuongea na mteja. Kwa duka lenye foleni ni baraka. Kwa meza ya kituo cha mabasi twaona mashine isukumwayo kwa mkono yafaa zaidi, maana viungo vyake ni vichache, na mkono husikia kosa kabla jicho halijaliona. Ziko pia zile za kompyuta zikatazo kwa hesabu ya kiwandani bila kufuata ufunguo uliolika. Hizo ndizo bora kwa kweli, wala hatuwezi kuzinunua.

Umeme hapa kwetu ni volti 240 na hezi 50. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani huwa za volti 110 hadi 120 na hezi 60, na baadhi yake huuzwa kwa bei ya kuvutia. Mtu atawaambia, tieni transfoma. Transfoma hubadili volti, haibadili hezi, na mota nyingi za aina hiyo zitazunguka polepole kwa kadiri ya sehemu moja katika sita. Someni kibati kilichogongwa ubavuni kabla ya kusikia maneno ya muuzaji.

Gurudumu nalo huisha. La chuma cha kasi latosha kwa shaba na kwa funguo zenye nikeli. La kabidi ni gumu zaidi lakini likigongwa huvunjika meno, na bei yake ni kubwa. Tulichoona kuwa muhimu si ugumu bali kupatikana. Tumewataka wauzaji waonyeshe gurudumu la pili rafuni, si kuahidi kuliagiza, na hilo la pili linunuliwe siku ile ile pamoja na mkanda. Fedha nyingine zitengwe kwa funguo mbichi, kwani maumbo yake ni mamia na mashine bila hizo ni sufuria bila unga. Aanze na yale maumbo machache ayachongayo kila wiki. Tusisahau miwani ya kulinda macho. Chenga za shaba huruka.

Kuhusu mashine iliyokwisha kutumika, baadhi ya wanachama wasema ni mbuzi kwenye gunia. Kwa sehemu ni kweli. Lakini yenye mwili mzito na jiliwa zisizolika, ikiushinda mtihani wa vizazi vitatu, twaipendelea kuliko mpya iliyo nyepesi.

Limebaki swali alilouliza mzee wetu mmoja, akalirudia mara mbili: je, fedha za wajane zitanunua chombo cha wezi? Hofu hiyo ni ya zamani, wala haistahili kuchekwa. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani aitwaye A. C. Hobbs alikifungua kitasa cha Chubb bila ufunguo, kisha akakishinda kile cha Bramah kilichokuwa kimewekewa zawadi ya gini 200, na watu wakabishana sana kama ni halali mambo hayo kujulikana. Kwetu sisi, tupa ya kijana yaweza kunakili ufunguo tangu hapo. Lakini ni kweli kwamba nusu saa ya tupa humpa fundi nafasi ya kumtazama mteja na kumwuliza, na dakika mbili za mashine hazimpi.

Kwa hiyo Halmashauri imeweka masharti, na kijana ameyakubali. Hatachonga kutokana na alama iliyotiwa katika sabuni au picha ya simu. Hatamchongea mtoto. Msichana wa kazi akitumwa, mwenye nyumba apigiwe simu kwanza, kwa adabu, ili binti asione kwamba ametuhumiwa. Ufunguo ulioandikwa kwamba usinakiliwe uletwe na barua ya mwenyewe. Funguo zilizoharibika zikatwe vipande viwili kabla ya kutupwa. Jina na nambari ya kitambulisho viandikwe daftarini, lakini nyumba isiandikwe kamwe, maana daftari lenye majina na milango ni hatari kuliko mashine. Daftari lifungiwe, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtaka kila awekaye habari za watu kuzitunza. Nambari ya mashine itaandikwa katika vitabu vya Chama, na mashine itakuwa mali ya Chama mpaka senti ya mwisho ilipwe.

Bei tatu tulizoletewa zimebandikwa ukutani hapo nyuma. Muuzaji wa ile ya pili amekubali kuileta mashine yake ukumbini Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, na kijana wetu ataitumia mwenyewe mbele yenu. Kila mwanachama na aje na ufunguo mmoja wa asili, pamoja na kufuli yake ikiwezekana. Wenye funguo za milango watazijaribu nakala nyumbani, na kutuletea habari kabla Halmashauri haijakutana Jumanne.