Uangalifu Wake Umeenda Wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wamemba katika mukutano wa chama, Kabambare



Komite iliniomba niseme juu ya watoto wawili wenye jamaa zao zimekuja kuomba kwa kese yetu. Majina sitataja, na ninawaomba hata ninyi musiyataje huko inje.

Jamaa ya kwanza inaomba musaada wa kuingiza kijana wao, miaka nane, ku masomo ya tatu, sababu masomo mbili zimekwisha kumufukuza. Hatulii. Anakata maneno ya wengine. Anaanza kazi na kuiacha katikati.

Jamaa ya pili inaomba feza za kupeleka binti yao, miaka sita, fasi ya maombi, wamutoe pepo. Ukimwita jina, hageuki. Anaweza kupanga vifuniko vya chupa saa nzima. Mabadiliko kidogo mu nyumba, analia sana. Na majirani wameanza kusema ni mulozi.

Mbele ya kutoa feza, tujiulize neno moja juu ya kila mutoto: uangalifu wake umeenda wapi? Uangalifu ni ile nguvu ya akili ya kuchagua kitu kimoja na kuacha vingine. Kwa hawa wawili uangalifu uko, lakini hauendi fasi wakubwa wanaungojea.

Tuanze na mutoto mudogo. Akifikisha karibu mwaka moja, anaona mbuzi, anaionyesha kwa kidole, kiisha anakugeukia. Hataki umupatie mbuzi. Anataka muione wote wawili. Ni kwa njia hiyo anajifunza jina la mbuzi, na tena anajifunza kama mama ana macho yake na mawazo yake, si sawa na yangu. Kwa mutoto mwenye otisimu (wale waliokaa Tanzania labda walisikia huko neno usonji), mara nyingi njia hiyo inachelewa, ao inapita kwingine. Uangalifu wake unashika vifuniko kwa nguvu, na sura ya mutu inabaki pembeni.

Katika 1985, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, kule London, waliwaonyesha watoto muchezo wa masanamu mawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi yake ndani ya kitunga, anatoka. Anne anaihamisha mu kisanduku. Sally akirudi, ataitafuta wapi? Kati ya watoto 27 wadogo wasio na shida, 23 walijibu: mu kitunga, sababu Sally hajui kama imehamishwa. Kati ya 14 wenye hali ya Down, 12 walijibu vile vile. Lakini kati ya 20 wenye otisimu, 16 walionyesha fasi gololi iko kweli. Na hao 20 walikuwa wamewapita wale wa Down katika vipimo vya akili. Basi, haikuwa upumbavu. Kilichokuwa kigumu ni kuwaza yale mwingine anawaza.

Tusisahau pia wale wanne waliojibu sawa. Watoto hawa hawafanani. Na katika 2012, Damian Milton, mutafiti wa Uingereza mwenye otisimu yeye mwenyewe, aliandika kama kutoelewana kunatoka pande mbili: wao wanashindwa kutusoma, na sisi tunashindwa kuwasoma wao. Binti huyu tunasema hatuangalii. Na sisi, nani amekwisha kukaa chini na kuangalia vile vifuniko pamoja naye?

Kijana wa miaka nane ni habari ingine. Nilikaa naye chini ya muembe, nikamuuliza: mwenzako ukimunyanganya mupira, atasikia nini moyoni? Alijibu mara moja: atakasirika. Anajua vizuri. Lakini mu muchezo, mukono unafika mbele ya akili. Mwenzake amekunja uso, yeye hajauona, macho yamekwisha kwenda kwa pikipiki inayopita. Shida hii ya uangalifu na kutotulia, waganga wanaiandika TDAH. Basi, binti ni vigumu kwake kusoma sura za watu. Kijana anazisoma, lakini breki inachelewa. Wote wawili wanapoteza warafiki, na wote wawili wanaitwa wakaidi. Kuna pia watoto wenye hali zote mbili. Mpaka 2013 kitabu cha waganga wa akili wa Marekani hakikuruhusu kuandikia mutoto mumoja zote mbili. Mwaka ule ndio kiliruhusu.

Sasa neno linalotuhusu sisi tuliorudi. Tulikimbilia Fizi, Kalemie, wengine walivuka ziwa mpaka Nyarugusu. Mutoto aliyeona vita naye anaweza kutotulia, ao kukimbia macho ya watu. Tutatofautisha namna gani? Tuulize ilianza lini. Otisimu na TDAH zinaanza utotoni. Mutoto aliyekuwa muzima na akabadilika kiisha ukimbizi, yeye anahitaji musaada mwingine. Na tupime masikio, tuulize kama alipata malaria ya kichwa ao kifafa.

Mimi mwenyewe nilikosa hapo. Nilipojaza karatasi ya binti huyu mara ya kwanza, niliandika "hofu ya vita", juu jamaa ilikuwa imetoka ukimbizini. Sikumuuliza mama yake. Kiisha mwaka moja ndio aliniambia: hata mbele tukimbie, wakati wa kunyonya, huyu mutoto hakukuwa anatafuta macho yangu. Ule mwaka ulipotea, na ni ndani ya ule mwaka neno "mulozi" lilizaliwa.

Kwa neno hilo, sheria iko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu 160, inasema anayemushitaki mutoto ulozi anafungwa mwaka moja mpaka mitatu, na analipa amende. Katiba yetu, kifungu 41, inakataza pia. Waimamu na wachungaji waliopo hapa, sikatazi kumuombea mutoto. Ninakataza kumufunga, kumunyima chakula, na kumupiga kwa jina la maombi.

Tufanye nini? Hakuna dawa inayoondoa otisimu. Kwa TDAH dawa ziko, lakini zinataka muganga anayezijua na kuzifuata. Huduma kubwa za akili, kama SOSAME kule Bukavu, ziko mbali na mufuko wetu. Lakini kuna yale tunaweza kuanza leo. Kwa kijana: akae mbele karibu na mwalimu, umuguse bega mbele ya kumutuma, umutume neno moja, si matatu, umupe kazi ya kusimama, kama kuleta chaki, na umusifu akiimaliza. Kwa binti: mwanzo mufuate fasi uangalifu wake uko. Kaa karibu, panga kifuniko kimoja, ngojea. Mambo ya siku yafuatane kwa namna moja, na mabadiliko umuonyeshe mapema kwa kitu ao kwa picha.

Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo ya wazazi wa watoto kama hawa: mikutano tisa ya kundi na kutembelea nyumba mara tatu. Yanaweza kuongozwa na watu wasio waganga, wakifundishwa.

Basi ninaomba komite mambo matatu. Kese isitoe hata franka moja ya kutoa pepo. Mbele ya kulipa masomo ya tatu, watu wawili wa komite waende kuongea na mwalimu wa masomo ya pili, sababu masomo mapya bila maelezo yatamufukuza tena. Na zile feza zilizoombwa kwa maombi zilipe safari ya binti kupimwa masikio, na mikutano ya wamama wenye watoto kama hawa. Warafiki munaotusaidia, kama munataka kujua musaada wenu unaweza kuingia wapi, ni hapo.

Mama wa binti yuko hapa leo, amekaa kule nyuma. Mukitoka, mumusalimie.