Mashine ya Nani Ina Nguvu Zaidi?

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee watasema halifai kuletwa katika kipindi hiki. Ni ubishi wa vijana kuhusu mashine za gemu. Twawaomba wazee wetu wawe na subira kidogo, maana jambo lenyewe si la vijana peke yao.

Yeyote aliyepita jioni ya Jumamosi katika senta kama ile ya Siongiroi, huku kwetu Chepalungu katika kaunti ya Bomet, anazijua kelele zitokazo katika chumba cha gemu. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi mawili, televisheni moja, na mashine iliyofungwa kwa mnyororo isije ikatembea usiku. Kijana hutoa shilingi 10 au 20, akashika padi na kucheza mechi moja ya mpira na mwenzake, na wengine wanane wasimama nyuma wakiwafundisha namna ya kucheza. Wazazi wengi hawapendi vyumba hivi, na wanazo sababu, hasa pesa za daftari zinapoishia humo. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Nusu ya kelele hizo ni ya mabao. Nusu ya pili ni ya ubishi: kati ya PlayStation na Xbox, ipi ina nguvu zaidi? Hapo utasikia tarakimu zikirushwa kama mawe. Na ajabu yake ni hii, kwamba mashine iliyo mbele yao si mojawapo ya zile wanazobishania. Mara nyingi ni ya zamani, padi zake zimefungwa kwa utepe. Zile mpya zauzwa kwa bei ya ndama mzuri wa gredi. Wahenga walisema asifiaye mvua imemnyea. Lakini hawa wanaosifu hapa hawajanyeshewa hata tone moja.

Yafaa tuzieleze tarakimu hizo, kwa maana mzazi asiyejua mwanawe anabishania nini atamkemea tu, wala hatazungumza naye. Mwezi wa Machi 2020, katika wiki ileile shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona, kampuni mbili zilieleza undani wa mashine zao mpya. Tarehe 16 ilikuwa zamu ya Microsoft ya Marekani na Xbox Series X. Tarehe 18 mhandisi Mark Cerny akaeleza PlayStation 5 ya Sony ya Japani. Ya kwanza ilitajwa kuwa na teraflopu 12.15, ya pili 10.28. Teraflopu moja ni mahesabu trilioni moja katika sekunde moja, kazi ambayo karani mwenye kalamu asingeimaliza hata angeishi miaka ya Methusela. Mashine zenyewe zilifika madukani Novemba mwaka huo. Ubishi haukungoja Novemba.

Wapenzi wa Xbox wakashika ile 12. Wapenzi wa PlayStation wakajibu kwa tarakimu nyingine: diski ya mashine yao husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, na ile ya wenzao 2.4 tu. Basi kila upande ukachagua kipimo ambacho kwacho unashinda. Ni kama wafugaji wawili, mmoja amsifu ng'ombe wake kwa lita za asubuhi, mwingine kwa mafuta yaliyomo katika maziwa. Hao watabishana mpaka kiangazi kiishe. Tena tarakimu hizi ni za upeo, kama ilivyoandikwa ubavuni mwa lori kwamba labeba tani saba. Labeba tani saba, ndiyo, lakini ni kwa barabara gani, na dereva ni nani? Waliochukua mchezo mmoja na kuupima katika mashine zote mbili wameona mara nyingi tofauti ni ndogo, hata mchezaji hawezi kuitambua asipoonyeshwa. Na ukiileta PlayStation 5 katika chumba chetu cha mabati, ikiwa televisheni ni ile nene ya zamani yenye kisogo, hata waya wake hautapata tundu la kuingia. Nguvu zote hizo, nazo zimeshindwa na tundu!

Tena historia yenyewe haimuungi mkono anayehesabu nguvu peke yake. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000. Mwaka uliofuata ikaja Xbox ya kwanza, na kwa nguvu za mashine ilikuwa juu yake. Lakini Xbox hiyo iliuzwa kiasi cha milioni 24, na PlayStation 2 ikauzwa zaidi ya milioni 150. Mwaka 2006 Nintendo ilileta Wii, mashine dhaifu kabisa ikilinganishwa na PlayStation 3 na Xbox 360 za wakati wake. Wajuzi waliicheka. Kumbe ilikuwa na kishikio ambacho mtu hukipunga hewani kama anarusha tufe, na bibi ambaye hajawahi kugusa padi aliweza kucheza na mjukuu wake. Hata katika nyumba za kutunzia wazee, huko ng'ambo, watu waliinuka vitini. Wii ikauzwa zaidi ya milioni 100, ikawapita wakubwa wote wawili.

Lakini mfano tunaoupenda sisi ni wa mwaka 1989. Mwaka huo ilitoka Game Boy, mashine ndogo ya mkononi. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa cha kijani kilichofifia kama maji ya bwawa. Washindani wake, Lynx ya Atari na baadaye Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi nzuri na nguvu zaidi. Sasa sikiliza, wewe uliyewahi kuanika betri za redio juani ili upate japo taarifa ya habari ya saa moja. Wale wenye rangi walikula betri sita, na saa chache tu zikawa zimekwisha. Game Boy ilikula nne, ikaenda zaidi ya saa kumi. Mtu wa Siongiroi hangehitaji kuambiwa anunue ipi. Aliyeiongoza kazi hiyo, Gunpei Yokoi, alipenda kutumia vifaa vilivyokwisha kuzoeleka na kuwa rahisi, akaumiza kichwa juu ya namna ya kuvitumia. Yeye aliuliza mtoto atacheza wapi, na kwa muda gani.

Twafikiri hapo ndipo penye jambo. Kuuliza mashine ina nguvu kiasi gani ni swali jepesi. Kuuliza nguvu hizo ni za nani, na zitamfaa nani, ndilo swali zito. Ndugu zetu wa Kericho wanalijua vizuri. Mashine za kuchuma majani chai zilipoingia mashambani, hakuna mchumaji aliyebishana kama ni kweli zina nguvu. Kila mtu aliona kwa macho yake. Waliuliza watakula nini wao ambao mikono yao ndiyo iliyokuwa mashine. Mwezi wa Mei 2023 hasira ikafika mahali pabaya, mashine zikachomwa moto. Hatusifu kuchoma mali. Twasema tu kwamba swali lao lilikuwa la watu wazima.

Sasa tuwaambie kilichotokea katika chumba kimoja cha namna hiyo, nasi tulikuwa nje kidogo tukingoja mvua ipungue. Vijana wawili walikuwa wakibishana, mmoja wa Xbox, mwingine wa PlayStation. Hawa si maadui. Walitahiriwa pamoja, na kila mtu wa kwetu anajua kifungo hicho ni kizito namna gani. Ubishi ukaanza kwa vicheko. Ukafika kwenye teraflopu, ukafika kwenye diski. Yule wa PlayStation alikuwa anazijua tarakimu zake vizuri mno, mwenzake akaanza kushindwa, na watu wakaanza kumcheka aliyeshindwa. Ndipo huyo akasema: "Wewe utajuaje mambo ya mashine? Kwenu hata umeme hakuna."

Chumba kikanyamaza. Si kwa sababu ilikuwa uongo. Ilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli, na alijua pia kwamba waya wa umeme umepita mbali kidogo na boma lile na baba wa kijana ameombwa pesa ambazo hana. Yule kijana akaweka padi juu ya benchi, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akatoka katika mvua.

Mama mwenye chumba, ambaye hucheza mpira huo vizuri kuliko wengi wao ingawa hapendi ijulikane, akamgeukia aliyebaki. "Wewe, kijana wangu," akasema, "mmegombania ng'ombe wa mtu wa mbali. Maziwa yake hujayanywa wewe, wala hajayanywa yeye." Akazima mashine, akawaambia wote waende nyumbani.

Tulipokuwa tukirudi tuliikumbuka habari moja mnayoijua wengi wenu. Wanafunzi walikuwa njiani kwenda Kapernaumu, na njia nzima walikuwa wakibishana nani kati yao aliye mkubwa. Walipofika nyumbani wakaulizwa walikuwa wakizungumza nini. Wakanyamaza. Wahubiri wengi huharakisha kwenda kwa yule mtoto mdogo aliyewekwa katikati yao baadaye, na ni vizuri. Sisi siku hiyo tulibaki kwenye kile kimya. Njiani maneno yalikuwa matamu, kila mmoja alikuwa na hoja zake, labda na tarakimu zake. Ndani ya nyumba, mbele ya uso wa anayewapenda, hakuna aliyeweza kuyarudia.

Basi tulijiuliza habari ya kijana yule wa Xbox. Mama yake yule rafiki yake amempa maziwa ya mursik kutoka kibuyu chake tangu akiwa mtoto wa kuchunga ndama. Amelala katika nyumba ile, chini ya taa ile ya koroboi, wala hakuona kasoro. Je, angeweza kusimama mbele ya mama huyo na kulirudia neno lake? "Mama, nimemwambia mwanao kwamba kwenu hakuna umeme, kwa sababu alijua kunishinda habari za mashine ambayo mimi wala yeye hatuna."

Na tusiwaachie vijana mzigo huu peke yao. Sisi wazazi twabishana magari ya watu, viongozi ambao hawatujui hata kwa majina, shule ambazo watoto wetu hawasomi. Twapokea nguvu za wengine kwa mkopo, na mkopo ukidaiwa twalipa kwa heshima ya jirani. Hata katika mikutano ya kanisa tumesikia parokia ikimdharau mwenzake kwa ukubwa wa vipaza sauti. Mvulana yule hakulitoa neno lake hewani. Amesikia watu wazima wakipimana mabati na nyasi, umeme na koroboi, nazi zilipokwisha za teraflopu akachukua kipimo alichokikuta nyumbani.

Wiki tatu zilipita. Kijana wa PlayStation hakuonekana senta. Katika wiki hizo padi mbili za mama yule ziliharibika, na hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba aliyekuwa akizitengeneza ni yeye. Alikuwa akichukua mpira wa kitufe kutoka padi iliyokufa na kuutia katika ile iliyo hai, kwa bisibisi ndogo na tochi ya simu. Mama akazifunga padi hizo katika mfuko wa karatasi, akamtuma nani? Akamtuma yule yule wa Xbox. Hatukuuliza kama alifanya hivyo kwa kusudi.

Alikwenda kwa miguu. Alikaribishwa, akaketi, akapewa mursik kama siku zote, maana mama wa nyumba hakuwa ameambiwa neno. Kijana yule alisimulia baadaye kwamba kikombe kile kilimshinda, alikinywa nusu, akaomba kutoka nje. Huko nje walisimama wawili kando ya zizi. Alichosema hapo ni chao. Tunachojua ni kwamba padi zilirudi senta siku ya Jumatatu. Moja inafanya kazi vizuri. Ya pili, kitufe chake cha kupiga pasi bado kinakwama kidogo, na fundi amesema atakuja mwenyewe kukitazama mvua ikiacha.