Mtani Anapomshangilia Mgeni

Mwezi Machi mwaka 2024 jiji la Dar es Salaam lilikuwa likijiandaa kwa jambo ambalo halikuwahi kutokea. Klabu mbili za Tanzania, Simba na Yanga, zilikuwa zimetinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa barani Afrika katika msimu mmoja, na hakuna nchi nyingine barani iliyokuwa na klabu mbili katika hatua hiyo. Simba ilipangiwa Al Ahly ya Misri, na Yanga ikapangiwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Katikati ya maandalizi hayo, waziri aliyekuwa na dhamana ya michezo wakati huo, Damas Ndumbaro, alitamka kwamba atakayeonekana uwanjani amevaa jezi za wageni hao atatakiwa aonyeshe pasipoti.

Kauli hiyo ilizua mjadala mkubwa. Wako walioicheka na wako walioichukulia kwa uzito. Mtu asiyeijua Dar es Salaam angejiuliza ni Mtanzania gani mwenye haja ya kuvaa jezi ya Wamisri. Jibu lake analijua kila mtoto wa Kariakoo. Simba inapocheza na wageni, shabiki wa Yanga huwa upande wa wageni. Yanga inapocheza na wageni, shabiki wa Simba hulipa deni hilo pamoja na riba.

Utani huo una umri mkubwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, hadi ilipobadili jina na kuwa Simba mwaka 1971. Tangu hapo nyumba imegawanyika. Baba huwa wa Jangwani na mwana wa Msimbazi, na chakula cha jioni baada ya mechi ya watani humshinda aliyefungwa. Aliyehamia Muscat, London au Minneapolis alihama na utani huo, kwa hiyo simu yake hulia usiku wa manane si kwa kupewa habari za msiba bali kwa kuchekwa.

Ugomvi wa ndani ni jambo moja. Mashindano ya Afrika huleta jambo la pili, kwa sababu hapo klabu huvuka mpaka ikiwa imebeba jina la nchi. Simba ndiyo yenye hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1974 ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1979 ilifungwa mabao 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia mbele ya mashabiki wake jijini Dar es Salaam, na waliokuwa wakiizika wakaanza kuchimba kaburi. Katika marudiano Simba ilikwenda Zambia na kushinda mabao 5-0. Kisa hicho bado husimuliwa na wazee, na kila anayekisimulia hudai alikuwa karibu na redio siku ile.

Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare ya bila kufungana mjini Abidjan na Stella ya Ivory Coast, ikarudi nyumbani ikiwa na matumaini yote, na ikafungwa 2-0. Mwaka 2003 iliivua ubingwa Zamalek ya Misri kwa penalti mjini Cairo. Kwa shabiki wa Yanga wa miaka hiyo, fainali ya 1993 ilikuwa ni sherehe na usiku wa Cairo ulikuwa ni matanga.

Hapo ndipo kuna hesabu ambayo mashabiki wengi hawakuwa wakiifanya. Shirikisho la Soka barani Afrika, CAF, huzipanga nchi kwa pointi ambazo klabu zake zimekusanya katika misimu mitano. Nchi 12 za juu huruhusiwa kupeleka klabu 4, yaani 2 katika Ligi ya Mabingwa na 2 katika Kombe la Shirikisho. Zilizo chini ya hapo hupeleka 2 tu, bingwa wa ligi na mshindi wa kombe. Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo za chini.

Msimu wa 2018/19 Simba ilicheza hatua ya makundi kwa namna ya ajabu. Ugenini ilipoteza michezo yote, ikiwemo miwili ya mabao 5-0, mmoja kwa AS Vita mjini Kinshasa na mwingine kwa Al Ahly. Nyumbani ilishinda yote mitatu, na Al Ahly hiyo hiyo ikafungwa 1-0. Pointi hizo 9 ziliifikisha robo fainali, ilikotolewa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Kila bao la Al Ahly na la Vita lilishangiliwa pia na Watanzania waliovaa kijani na njano. Lakini msimu uliofuata Tanzania ilipewa nafasi 4, na klabu iliyoingia Ligi ya Mabingwa kwa kushika nafasi ya pili katika ligi ilikuwa ni Yanga. Tiketi yake ilikuwa imekatwa Msimbazi.

Deni hilo lililipwa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Msimu wa 2022/23 bingwa wa nchi alikuwa Yanga, na Simba ndiyo iliyopita kwenye mlango wa mshindi wa pili. Msimu huo Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo klabu yoyote kati ya hizo mbili ingefunga katika mashindano ya Afrika, na watu wakaliita Goli la Mama. Fedha hizo hazikuchagua rangi ya jezi.

Yanga, ikiongozwa na mabao ya Fiston Mayele, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Tarehe 28 Mei 2023 ilifungwa 2-1 na USM Alger kwenye uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku hiyo msongamano milangoni uligharimu maisha ya mtu mmoja, jambo ambalo lilistahili kuzungumzwa kwa muda mrefu kuliko lilivyozungumzwa. Wiki moja baadaye Yanga ilishinda 1-0 mjini Algiers, na kombe likabaki huko kwa faida ya magoli ya ugenini. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoipa Gor Mahia ya Kenya Kombe la Washindi mwaka 1987, ilipotoka sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 mjini Nairobi dhidi ya Espérance.

Wanaotetea utani nao wana hoja. Shabiki hakuapishwa. Anayelipa kiingilio ana haki ya kuchagua anayemshangilia, na moyo hauwezi kukaguliwa getini pamoja na tiketi. Aidha, ni hofu ya kuchekwa na mtani inayozifanya klabu hizi kusajili kwa gharama na kuogopa kupotea njia. Hoja hiyo ni nzito kuliko ile ya pasipoti. Hata hivyo, ina kasoro moja: utani ni wa watu wanaofahamiana, na Mwarabu wa Cairo hajui kwamba anatumiwa katika ugomvi wa mtaa wa Kariakoo. Yeye huchukua ushindi wake na kuondoka.

Katika robo fainali zile za 2024 wageni waliondoka nao kweli. Al Ahly iliishinda Simba nyumbani na ugenini. Yanga na Mamelodi hazikufungana katika michezo yote miwili, na mjini Pretoria mkwaju wa Stephane Aziz Ki uligonga mwamba, ukadunda chini, na mwamuzi akakataa kwamba mpira ulivuka mstari. Yanga ikatolewa kwa penalti. Bao lile lilibishaniwa kwa wiki kadhaa, na jambo geni ni kwamba wako wapenzi wa Simba waliolitetea.

Mwezi Mei 2025 ikawa zamu ya Simba tena, miaka 32 baada ya Stella. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco katika fainali ya Kombe la Shirikisho, na marudiano yakachezwa Zanzibar, kwenye uwanja wa Amaan, ulio mdogo sana kuliko wa Mkapa. Joshua Mutale alifunga mapema, Simba ikabaki na wachezaji 10, na Berkane ikasawazisha dakika za mwisho. Kombe likaenda Morocco, lakini pointi zikaingia katika akaunti ya Tanzania. Msimu uliofuata nchi hiyo ilipeleka klabu 4, Yanga ikiwa bingwa, pamoja na Simba, Azam na Singida Black Stars, na zote nne zikavuka hadi hatua ya makundi.