Bakteria, Ateri na Kiharusi: Yaliyothibitika, Yanayoshukiwa na Wajibu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Mhadhara huu unahusu swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa tiba kwa muda mrefu, nalo ni kama maambukizi ya bakteria yanachangia kuharibu ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini, na hatimaye kuleta kiharusi, ambacho hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa sababu mshipa wake umeziba au umepasuka. Swali hili lina uzito wa pekee Garissa, Wajir na Mandera, kwa kuwa huko magonjwa ya kale ya bakteria kama kifua kikuu hayajaondoka, ilhali shinikizo la damu na kisukari yamekwisha kuingia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba bakteria huchangia kiharusi kwa njia kadhaa zisizo na uthibitisho wa kiwango kimoja, na kwamba zile zilizothibitika ndizo zinazoweza kuzibwa kwa dawa na maarifa yaliyopo tayari.

Dhana ya bakteria ndani ya ukuta wa ateri

Ateri huziba polepole. Mafuta hupenya utando wa ndani wa mshipa, chembe nyeupe za damu huyafuata, huyameza na kufia humo humo, na baada ya miaka mingi hujengeka gamba ambalo likipasuka damu huganda juu yake. Kwa kuwa kazi ya kawaida ya chembe nyeupe ni kupambana na vijidudu, ilikuwa halali kuuliza kama kuna kijidudu kinachozivuta. Mwaka 1988 Pekka Saikku na wenzake nchini Ufini waliripoti kwamba wagonjwa wa moyo walikuwa na kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya maambukizi, za bakteria wa mapafu aitwaye Chlamydia pneumoniae, ambaye si yule wa klamidia ya zinaa, kwa kiwango kilichowazidi watu wasiougua. Mwaka 1992 Allan Shor wa Afrika Kusini na wenzake walichapisha ushahidi kwamba bakteria huyo alionekana ndani ya magamba ya ateri za moyo.

Hata hivyo, kukutwa mahali si sawa na kusababisha kilichotokea hapo, kwani chembe nyeupe zinaweza kumbeba bakteria kutoka mapafuni na kumfikisha katika ateri ambayo tayari ilikuwa mgonjwa. Njia ya kukata shauri ilikuwa kuwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo viuavijasumu na wengine vidonge visivyo na dawa, kisha kulinganisha. Jaribio la WIZARD, lililochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha wagonjwa 7,747, halikuonyesha faida ya maana, na mengine mawili makubwa ya mwaka 2005, mojawapo likiwa na tiba ya mwaka mzima, yalifikia jibu hilo hilo. Lile la Denmark la mwaka 2006, lililotumia dawa ya klarithromaisini, lilikuta hata vifo vingi zaidi vya magonjwa ya moyo na mishipa miongoni mwa waliopewa dawa. Kwa hiyo hakuna msingi wa kumeza viuavijasumu ili kusafisha ateri, na anayevinunua dukani kwa kusudi hilo anajidhuru bure na kuwafunza bakteria usugu.

Maambukizi kama kichocheo

Njia ya pili ina ushahidi mzuri zaidi. Liam Smeeth na wenzake, waliochunguza kumbukumbu za wagonjwa nchini Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta kwamba katika siku 3 za kwanza baada ya kuugua maambukizi ya njia ya hewa, hatari ya kupata kiharusi hupanda zaidi ya mara 3, kisha hushuka polepole kwa majuma kadhaa. Sababu inaeleweka: maambukizi huamsha mfumo wa kinga, damu huwa rahisi kuganda, na gamba la zamani hulegea na kupasuka. Ndiyo maana mzee mwenye shinikizo la damu anayeugua nimonia anahitaji kuangaliwa kwa makini hata baada ya kikohozi kutulia, wala dawa zake za shinikizo zisiachwe bila ushauri wa daktari.

Njia zilizothibitika

Kifua kikuu kinapofika kwenye tando zinazofunika ubongo, usaha mzito hukusanyika chini ya ubongo, mahali zinapopita ateri kubwa zinazoulisha. Ukuta wa ateri hizo huvimba, njia ya damu hufinyika, na sehemu za ndani za ubongo hufa. Kijana ambaye ameumwa kichwa na homa kwa majuma kadhaa, akakonda, kisha akaamka upande mmoja hauna nguvu, hapaswi kuhesabiwa kuwa amepata kiharusi cha kawaida mpaka kifua kikuu kichunguzwe, kwa maana kila siku inayopotea kabla ya tiba hupunguza matumaini yake ya kupona.

Bakteria wa pili ni yule wa mafindofindo, anayeitwa streptokoka. Koo la mtoto lisipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kukosea na kushambulia vali za moyo, ambazo ni milango inayozuia damu isirudi nyuma. Vali ikiharibika, damu hutuama katika chemba ya juu ya moyo na kuganda, na bonge likichomoka na kupanda kichwani huleta kiharusi kwa mtu ambaye ateri zake hazina gamba lolote. Utafiti uliofanywa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022, ulihusisha watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huu wa vali ambazo huonekana kwa kipimo cha moyo tu. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa penisilini kila baada ya wiki 4, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Wa tatu ni brusela, anayetoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia kupitia maziwa mabichi au mifugo inayotupa mimba. Kwa nadra hushambulia vali za moyo na mishipa ya ubongo, lakini kuchemsha maziwa humuua, jambo ambalo uchachushaji wa suusac, yaani maziwa ya ngamia ya kuchacha, hauwezi kutegemewa kulifanya.

Funzo la Wajir

Eneo hili limewahi kuifundisha dunia. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyeishi Wajir, alianza kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu kwa kuwakaribisha wajenge vibanda vyao karibu na kituo cha tiba, wakakaa hapo kwa miezi kadhaa na kumeza dawa mbele ya wahudumu. Mfumo huo, uliojulikana kama manyatta za kifua kikuu, ulitangulia sera ya Shirika la Afya Duniani ya kusimamia umezaji wa dawa. Siri yake ilikuwa kwamba tiba ilipangwa kwa kufuata maisha ya mfugaji.

Kwa msingi huo, vyuo vya eneo hili, kikiwamo Chuo Kikuu cha Garissa, vinaombwa kuufanya uhusiano wa maambukizi na kiharusi kuwa uwanja wao wa utafiti. Serikali za kaunti zinaombwa kuhakikisha kwamba penisilini, dawa za kifua kikuu na vipimo vya shinikizo la damu havikosekani katika zahanati za mbali. Wazazi nao wanaombwa kumpeleka kituo cha afya mtoto mwenye koo linalouma na homa, na kuchemsha maziwa kabla ya kuyanywa. Kiharusi kinachotokana na bakteria ni miongoni mwa vile vinavyozuilika kwa gharama ndogo, na kuacha kukizuia ni kosa lisilo na udhuru.