Alama za Nguvu ya Sauti Katikati ya Mafungu Mawili: Tatizo la Nakala za Kwaya Zinazochapwa kwa Kompyuta

Mada kwa warsha ya walimu wa kwaya na wapiga kinanda, Ziwa la Ng'ombe, Mombasa



Niliombwa nizungumzie uandishi wa muziki kwa kompyuta. Maana ya maneno tunaijua sote, nitayapitia mbio. Fungu ni ile mistari mitano. Wimbo wa sauti nne tunauandika kwenye mafungu mawili: sauti ya kwanza na ya pili juu, ya tatu na ya nne chini. Alama za nguvu ya sauti ni zile herufi za Kitaliano zilizolala: p kwa upole, f kwa nguvu, mf kwa nguvu ya wastani. Programu zetu ni Finale, ambayo wenyewe walitangaza Agosti 2024 kwamba hawataiendeleza tena, Sibelius, na MuseScore ya bure, ambayo ndiyo ninayoikuta kwenye kompyuta nyingi za walimu.

Sasa lililonileta. Kwenye muziki wa kinanda, alama hukaa katikati ya mafungu mawili, kwa sababu mpigaji ni mmoja na alama moja huamuru mikono yote miwili. Kwenye muziki wa kuimba hukaa juu ya fungu, kwa sababu chini yake kuna maneno. Kanuni hizi zilikuwapo kabla ya kompyuta na hazina ugomvi. Ugomvi tunauleta sisi tunapoandika kwaya kana kwamba ni kinanda. Nimefungua faili za walimu kwa miaka mingi na kisa ni kilekile: mtu anataka mafungu mawili yaliyoshikwa kwa mabano, anachagua piano kwenye orodha ya vyombo, kisha anaanza kupanga maneno. Programu imeambiwa ni kinanda, basi kila p inaiangusha katikati, palepale penye ubeti wa kwanza.

Kiswahili chetu nacho hakiachi upenyo. Neno "atakayetuokoa" lina silabi nane, na kila silabi inataka pa kukaa chini ya nota. Panga beti tatu hapo. Mwalimu anaiburuta alama kwa kipanya hadi ipate pa kupumulia, anahifadhi faili, analala. Kesho anaongeza ubeti wa nne au anabadilisha ukubwa wa karatasi, na mafungu yanaachana. Alama ilifungwa kwenye fungu la juu, haikufungwa kwenye ule uwazi. Kimo alichoiburuta kinabaki kilekile huku fungu la chini limeshuka, na alama iliyokuwa katikati sasa imekaa juu ya maneno.

Pasaka moja nilitoa fotokopi sitini pale Kongowea, usiku wa kuamkia Jumapili. Nilikuwa nimebana mafungu ili wimbo utoshe kurasa mbili, na p ya wanawake ikaishia kugusa fungu la wanaume. Waimbaji wa sauti ya tatu na ya nne wakanywea mahali ambapo wao ndio walibeba wimbo. Nakala nilichapa mimi. Wao waliimba walichoandikiwa.

Kuna na tatizo la solfa, na hili linaniuma zaidi. Kwaya zetu nyingi zinasoma d r m, njia aliyoieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na wamisionari wakaileta Afrika. Herufi hizo nazo tunazipanga katikati ya mafungu. Sasa itazameni mf kwa jicho la aliyezoea solfa: ni mi, fa. Itazameni sf, ambayo ni amri ya kuikazia nota ghafla: yeye anasoma so, fa. Nilimsikia mama mmoja wa sauti ya pili akiimba nota mbili ambazo mtunzi hakuziandika, nikamwambia amekosea. Baadaye niliiangalia nakala yake, nikarudi kumwomba radhi.

Mapendekezo nayaleta kwa unyenyekevu, kwa kuwa kila kanisa lina kamati yake ya muziki na bajeti yake, na sikuja kuuza programu ya mtu.

Tusichague piano tunapoandikia kwaya. Tuchague sauti za waimbaji. Alama za wanawake zikae juu ya fungu la juu, za wanaume chini ya fungu la chini, hata kama zote ni p. Angalizo: kwenye MuseScore alama za wanaume zitatua juu ya fungu lao, yaani katikati tena. Zichague, bonyeza X, zitashuka. Kuburuta kuwe hatua ya mwisho kabisa, beti zote zikishaingia na karatasi ikishachaguliwa.

Penye kinanda halisi, alama zibaki katikati, lakini programu yenyewe izishike hapo. Dorico, programu nyingine ya kuandika muziki, hufanya hivyo, na matoleo mapya ya MuseScore yana chaguo hilo.

Kwenye nakala za solfa, alama zisikae kamwe mstari mmoja na herufi za kuimba. Au tuandike "kwa upole" na "kwa nguvu" juu ya fungu. Sioni tunachoogopa.

Wanaotugawia nyimbo za mashindano nao wangezihakiki nakala kabla ya kuzituma. Nimeandika barua tatu juu ya hili. Naelewa ofisi zina kazi nyingi, lakini watoto wanakatwa maksi kwa alama waliyoitii mahali isipopaswa kuwa.

Na narudia, tafadhalini: tusichague piano.

Kwenye kompyuta ya mbele kuna wimbo wa beti nne ulioandikwa kama kinanda. Tuufungue, tuuhamishie kwenye sauti za waimbaji, tuhesabu alama ngapi zitapanda zenyewe na ngapi zitabaki kwetu kuzihamisha.