Mchunga Kondoo na Mshahara Wake



Mazungumzo haya yahusu kurasa chache tu za kitabu kimoja. Kitabu chenyewe ni Jamhuri, alichokiandika Plato wa Athens, Ugiriki, yapata miaka 2,400 iliyopita. Kina sehemu kumi, na wanaolijua jina lake ni wengi kuliko wanaoyajua yaliyomo.

Husikika mtu akidai kwamba, kwa mujibu wa Plato, haki ni maslahi ya mwenye nguvu. Kweli wazo hilo limo katika sehemu ya kwanza. Lakini anayelitoa si Plato, wala si Socrates, mwalimu wake. Ni Thrasymachus, mgeni kutoka Chalcedon, aliyeyaingilia mazungumzo kwa hasira. Plato mwenyewe hasemi lolote kwa jina lake kitabuni humo. Basi swali la kwanza la msomaji makini ni hili: nani anasema?

Swali la pili ni: amekubali nini? Socrates hakumjibu Thrasymachus kwa matusi. Alimwuliza kama watawala huweza kukosea. Thrasymachus akakubali kwamba huweza. Ikiwa ni hivyo, mtawala anaweza kuamuru jambo linalomdhuru yeye mwenyewe, na anayemtii atakuwa anamdhuru mwenye nguvu. Ili kujinasua, Thrasymachus akasema kwamba mtawala wa kweli, akiwa mtawala, hakosei, kama vile tabibu wa kweli, akiwa tabibu, hakosei. Msomaji wa haraka hulipita jibu hilo. Kumbe ndilo lililomfunga, kwa sababu tabibu wa kweli huangalia afya ya mgonjwa, si faida yake, na nahodha wa kweli huangalia usalama wa mabaharia.

Thrasymachus hakushindwa kirahisi. Alisema kwamba mchunga kondoo huwanenepesha kondoo kwa faida yake au ya bwana wake, si kwa faida ya kondoo. Hoja hiyo ni nzito. Socrates alijibu kwa kutenganisha kazi na ujira. Tabibu hupokea malipo, lakini si malipo yanayoponya. Uponyaji watokana na utabibu, na malipo yatokana na stadi nyingine, ile ya kutafuta ujira. Mshahara basi ni stahili ya mtenda kazi, ila sio shabaha ya kazi yenyewe. Tena aliongeza kwamba mtu mwema asiyetaka fedha wala sifa hukubali kuongoza kwa kuogopa adhabu moja kubwa: kutawaliwa na aliye duni kuliko yeye.

Je, hoja hiyo yatosha? Msomaji makini ana haki ya kukumbusha kwamba kondoo, pamoja na kutunzwa vizuri, mwishowe huchinjwa. Socrates naye hakujitangazia ushindi. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza alijifananisha na mlafi anayedonoa kila chakula kinachopitishwa kabla ya kuumaliza ule wa kwanza, akakiri kwamba bado hajajua haki ni nini. Sehemu ya pili inapoanza, kijana Glaucon akataka jibu zito zaidi, na sehemu zote zinazofuata zatokana na dai hilo.

Mwalimu atakayesoma hivi na wanafunzi wake, hata mistari kumi kwa siku, atakuwa amewafundisha kupima maneno kabla ya kuyakariri. Mtumishi wa umma atakayejizoeza hivi atausoma waraka na sheria kwa jicho hilo hilo. Na kila mwananchi anaposimama mbele ya meza ya ofisi, swali la Piraeus, bandari ya Athens yalikofanyika mazungumzo yale, litabaki palepale: aliyesimama hapo ni mgonjwa aliyemjia tabibu, au ni kondoo anayenenepeshwa?